Dust2: Ramani Iliyovuliwa Nguo Mara Nyingi, Mifupa Ikaachwa

Machi 2001 mchezo wa Counter-Strike ulipata ramani mpya kutoka kwa kijana Mwingereza, Dave Johnston. Mwenyewe aliipa jina la Dust 3. Jess Cliffe, mmoja wa waanzilishi wawili wa mchezo huo, akaibatiza upya: Dust2. Tangu siku hizo imehamishwa kwenye mitambo mitatu ya kuendeshea mchezo, imepakwa rangi upya kila mara, imeondolewa kwenye orodha ya mashindano na kurudishwa, kisha ikaondolewa na kurudishwa tena. Pamoja na hayo yote, mtu aliyeicheza mwaka 2001 akiketi leo mbele ya Counter-Strike 2 hapotei. Kona anazijua.

Kwa asiyecheza: timu ni mbili, watu watano kila upande. Washambuliaji wana bomu moja na maeneo mawili ya kulitega, A na B. Walinzi wanazuia, na bomu likishategwa inabidi walitegue. Kazi hiyo huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa. Katikati ya mechi timu hubadilishana upande. Kwa hiyo ramani inayopendelea upande mmoja kidogo inavumilika. Isiyovumilika ni ile inayofanya matokeo ya raundi yajulikane kabla haijachezwa.

Johnston alikuwa amekwisha kujifunza hilo. Mwaka 1999, akiwa bado kijana wa shule, alitengeneza Dust ya kwanza, akivutiwa na picha za mapema za mchezo wa Team Fortress 2, ambao ulipotoka mwaka 2007 haukufanana hata kidogo na picha zile. Chris Ashton alimchorea sura za kuta na mawe. Dust ilipendwa sana, lakini walinzi waliishinda kwa urahisi kupita kiasi. Dust2 ilichukua jua lilelile, mchanga uleule na masanduku yaleyale, ila njia zikapangwa upya kabisa.

Ukiitazama kutoka juu, njia hizo zinakaribia umbo la namba nane. Kwenda A kuna njia ndefu ya nje, inayoanza na milango miwili mfululizo, na kuna kijia kifupi kinachopandia katikati. Kwenda B kuna mahandaki yenye giza, au unapita katikati na kuzunguka. Katikati hapo ndipo roho ya ramani ilipo, maana anayepashika anaweza kuelekea kokote bila adui kujua mapema. Walinzi huanzia karibu na maeneo yote mawili, kwa hiyo hufika kwanza, lakini wamegawanyika. Washambuliaji hufika baadaye kidogo, ila wanaweza kufika wote pamoja, na wao ndio wanaochagua mahali.

Mbunifu wa ramani hufanya kazi kwa saa mkononi. Kutoka mwanzo hadi milango ya njia ndefu, timu zote mbili hufika karibu wakati mmoja. Sogeza sehemu ya kuanzia hatua chache tu, na pambano lile linageuka mauaji ya upande mmoja. Ubao wa bao una mashimo yaleyale kwa kila mchezaji, na hakuna anayelalamika kwamba umezeeka, kwa sababu hesabu yake imekaa sawa. Dust2 iko hivyo. Kila kizazi cha wachezaji kimegundua ndani yake mruko mpya au pembe mpya ya kurushia bomu la moshi, bila ukuta kusogezwa.

Kona zake zina sababu nyingine ambayo wachezaji wengi hawaijui. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa pamoja. Mtambo wa mchezo wa kwanza ulikokotoa mapema nini kinaonekana kutoka kila sehemu, na visivyoonekana havikuchorwa. Mbunifu alilazimika kupinda njia na kuziba macho kwa milango na kuta, la sivyo picha ilikwama. Udhaifu wa mashine ukawa mwalimu: pale kompyuta ilipopumzika, ndipo mchezaji naye alipopata mahali pa kuvizia.

Toleo la Source la mwaka 2004 na lile la Global Offensive la mwaka 2012 yaliongeza mapambo na mwanga bora. Mabadiliko mazito yalikuja Februari 2017, kampuni ya Valve ilipoiondoa kwenye mashindano ili kuifanyia kazi. Ilirudi Oktoba mwaka huo ikiwa na sura ya mji wa Morocco, na iliporejeshwa mashindanoni Aprili 2018 ilichukua nafasi ya Cobblestone, ramani nyingine iliyoasisiwa na Johnston huyohuyo. Mji ulipendeza, lakini shabaha ilikuwa macho. Pembe zenye giza zilipata mwanga, takataka zilizomkwamisha mtu zikafagiliwa, kuta zikapata rangi ambayo mwili wa mtu hautajificha ndani yake. Kufa kwa sababu adui alikuwa hodari ni haki. Kufa kwa sababu alifanana na ukuta ni kosa la ramani.

Marekebisho ninayoyaheshimu kuliko yote ni madogo zaidi. Kwa miaka mingi mshambuliaji mwenye bunduki ya kudungua, akiwa hajatoka hata mahali alipoanzia, aliweza kupenyeza risasi kwenye mwanya wa milango ya katikati na kumwangusha mlinzi anayekimbilia B. Wengi waliupenda mwanya huo. Lakini nafasi ya kuanzia hugawiwa kwa bahati, na raundi ya watano kwa wanne iliyoamuliwa kwa bahati inaharibu hesabu yote niliyoieleza. Mwaka 2022 Valve iliuziba. Walifanya vizuri, na wangepaswa kufanya hivyo mapema zaidi.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Dust2 ilitolewa tena mashindanoni kuipisha ramani ya Anubis. Lakini Machi 2023, jaribio la kwanza la Counter-Strike 2 lilipofunguliwa kwa watu wachache, ramani waliyopewa ilikuwa ni hii. Valve iliiweka katika kundi la ramani zisizohitaji kujengwa upya, zinazoongezewa mwanga na uwazi tu, ili mchezaji apime kipi kimebadilika. Na kilichobadilika kilionekana mara moja: moshi sasa hujaa nafasi kama moshi halisi, na risasi au bomu la mkono huupasua kwa muda. Njia ileile ya kijia kifupi, iliyokuwa salama nyuma ya moshi, ikapata hatari mpya. Aprili 2024 Dust2 ilirudi mashindanoni, ramani ya Overpass ikatoka.

Kwa kijana anayetaka kubuni ramani: chukua Hammer, programu ya kujengea ramani za mchezo huu. Jenga kwa kuta za kijivu pekee. Kimbia kutoka kila upande ukiwa na saa, sogeza kuta hadi sekunde zikubali, halafu ita watu kumi wacheze. Rangi na michongo viache hadi watu hao kumi waombe raundi nyingine.