Waya wa Spika: Lini Unastahili Fedha Yako, na Lini Haustahili

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Tarime mjini, Sirari na Mugumu, mlaji anayenunua sabufa, au amplifaya na spika zake, huulizwa swali moja kabla mzigo haujafungwa: hataki pia waya ulio bora zaidi? Waya unaopendekezwa huwa na ganda linalong'aa, vichwa vya rangi ya dhahabu na maandishi ya kigeni yanayoahidi besi nzito na sauti safi. Bei yake yaweza kuwa mara tano au mara kumi ya ule wa kawaida uliozungushwa kwenye gurudumu nyuma ya kaunta. Kwa familia iliyouza mahindi au mbuzi ili ipate muziki sebuleni, tofauti hiyo si ndogo. Ni haki ya mlaji kujua anachokilipia.

Jibu letu ni hili. Waya mbaya huharibu sauti, na uharibifu huo hupimika. Lakini waya ukishakuwa mnene wa kutosha, wa shaba halisi, na ukafungwa vizuri, hakuna sauti nyingine iliyofichwa ndani ya waya wa bei kubwa zaidi.

Sababu yake inaeleweka bila utaalamu mkubwa. Amplifaya husukuma umeme kupitia waya hadi kwenye spika, na umeme huo ndio unaoutikisa utando wa spika tukasikia sauti. Kila waya una ukinzani, yaani hali ya kuuzuia umeme kidogo unapopita. Ukinzani hupimwa kwa omu. Huongezeka waya unapokuwa mrefu, na hupungua waya unapokuwa mnene. Spika nayo ina ukinzani wake, ambao mara nyingi huandikwa mgongoni mwake: omu 4, omu 6 au omu 8. Jambo la kuangalia ni uwiano wa hivyo viwili. Ukinzani wa waya ukiwa mdogo sana kuliko wa spika, karibu nguvu yote hufika inakotakiwa.

Tuchukue sebule ya kawaida, ambapo spika ya omu 8 iko mita 3 kutoka kwenye amplifaya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ambao mafundi umeme hutumia kwa taa na kuuita tu "waya wa 1.5", utakuwa na ukinzani wa takriban omu 0.07 ukihesabu kwenda na kurudi. Nguvu inayopotea njiani haifiki asilimia 1. Sikio la binadamu halitambui upungufu wa kiasi hicho. Hata waya wa dhahabu tupu usingekuwa na cha kurejesha hapo, kwa kuwa hakuna kilichopotea.

Hali hubadilika pale waya mwembamba unapopelekwa mbali. Mwenye ukumbi au mgahawa anayetaka spika ya omu 4 ikae mita 20 kutoka kwenye amplifaya, akatumia waya wa milimita za mraba 0.5, atakuwa ameweka ukinzani wa karibu omu 1.4 katikati ya njia. Robo nzima ya nguvu itaishia kuupasha waya joto badala ya kupiga muziki. Sauti itapungua, na besi italegea, kwa sababu ukinzani wa spika haulingani kwa sauti nene na nyembamba, hivyo waya huzipunguza sauti hizo kwa viwango tofauti. Mtu huyo akibadilisha na kuweka waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, hasara itashuka hadi asilimia 6 hivi. Tofauti ataisikia. Lakini kilichomsaidia ni unene, na unene huo unapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Akichagua wa nyuzi nyingi laini, yaani fleksi, utajikunja kwa urahisi ukutani.

Kanuni ambayo mafundi wengi wa sauti huifuata ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa spika ya omu 8, waya wa 1.5 waweza kwenda hadi mita 17 bila kuvuka mpaka huo. Kwa spika ya omu 4, mita 8. Waya wa 2.5 utakufikisha karibu mita 29 kwa omu 8, na mita 14 kwa omu 4. Nyumba chache sana katika wilaya zetu zina sebule ya kuhitaji zaidi ya hapo.

Udanganyifu ulio mkubwa kuliko wote haumo katika waya wa bei ghali, bali katika waya wa bei nafuu unaoonekana kuwa wa shaba na kumbe sivyo. Huu ni waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Katika baadhi ya maboksi huandikwa herufi CCA, na katika mengine hakuna kinachoandikwa kabisa. Kwa unene uleule, ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba. Si haramu kuuza waya wa namna hiyo. Kosa ni kuuita shaba. Kwa spika iliyo karibu hauna madhara makubwa, ila hukatika upesi unapokunjwa mara kwa mara, na ncha zake zikiachwa wazi hushika utando wa kutu nyeupe unaozuia umeme kupita.

Kuutambua ni kazi ya dakika moja. Omba kipande, ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Rangi nyekundu ya shaba ikiondoka na kuonekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini. Angalizo: baadhi ya nyaya za shaba nzuri hupakwa bati jeupe kwa juu ili zisishike kutu. Kwa hizo mambo huwa kinyume, yaani nje nyeupe, ndani nyekundu. Kwa hiyo usiukatae waya kwa rangi ya nje peke yake. Uzito nao husema, kwani gurudumu la alumini ni jepesi mno mkononi kuliko la shaba la ukubwa huohuo.

Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Waya wa spika usitumike kamwe kutengenezea ekstensheni au kupeleka umeme wa TANESCO chumba cha pili. Ganda lake halikutengenezwa kwa volti 230, na waya mwembamba wa alumini hupata moto kwenye maungio unapobeba pasi au jiko. Kosa la waya katika spika hukuharibia wimbo. Katika soketi laweza kuichoma nyumba.

Turudi kwenye vile vichwa vya rangi ya dhahabu. Watu wa Nyamongo hawana haja ya kuambiwa sifa za dhahabu: haishiki kutu. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuipaka kwenye kichwa cha waya. Kwa kupitisha umeme, dhahabu iko nyuma ya shaba, na shaba iko nyuma kidogo ya fedha. Kichwa kilichopakwa dhahabu hakiongezi sauti siku ya kwanza. Kinachofanya ni kubaki safi baada ya miaka kadhaa ya unyevu na vumbi. Faida hiyo ni ya kweli lakini ndogo, kwani kichwa cha kawaida kinachofutwa kwa kitambaa kikavu mara moja kwa mwaka hutoa matokeo yaleyale.

Vichwa vina manufaa mengine ambayo muuzaji husahau kuyataja. Waya ulio wazi ukisokotwa ovyo nyuma ya amplifaya, uzi mmoja wa shaba waweza kutoka upande wa chanya ukagusa hasi. Mguso huo unatosha kuiunguza amplifaya. Kichwa kilichokazwa vizuri huzuia ajali hiyo. Lakini fundi redio mwenye lehemu atakusokotea na kuzigandisha nyuzi zako kwa malipo madogo, na kazi yake itafanana na ya kichwa cha dukani.

Madai mengine tuyapite haraka. "Shaba isiyo na oksijeni" ipo kweli, ila inaizidi shaba ya kawaida ya umeme kwa takriban asilimia 1 tu. Mshale unaoonyesha "upande wa kwenda" katika waya wa spika hauna maana, kwa kuwa umeme wa sauti huenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde. Na waya hauhitaji "kuzoeshwa" wiki mbili ndipo ulainike. Anayezoea katika wiki hizo ni msikilizaji, na muda wa kurudisha bidhaa dukani huwa umekwisha.

Majaribio yamefanywa. Mwezi Agosti 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill, ambapo wasikilizaji walilinganisha nyaya bila kujua upi unatumika. Waya mwembamba sana waliweza kuutambua kwa baadhi ya sauti za majaribio, maana ulipunguza kiwango cha sauti. Waya wa kawaida wa taa wenye unene wa kutosha hawakuweza kuutofautisha kwa uhakika na ule wa gharama. Mwaka 2007, Mmarekani mwingine, James Randi, alitangaza kwamba zawadi yake ya dola milioni moja ingeweza kuchukuliwa na yeyote atakayethibitisha kuusikia ubora wa nyaya za maelfu ya dola. Zawadi hiyo ilifungwa mwaka 2015 bila kupata wa kuichukua.

Mlaji hahitaji maabara ili kufanya jaribio lake. Mwambie jirani abadilishe nyaya mbili wewe ukiwa umegeuka, akirusha sarafu kuamua upi aweke, na sauti ikiwa imewekwa kiwango kilekile. Arudie mara kumi. Ukipatia mara tano au sita, umebahatisha. Ukipatia mara tisa au kumi, unasikia kitu, kwani kubahatisha kiasi hicho hutokea takriban mara moja tu katika mia. Muuzaji anayeamini bidhaa yake hatakataa kufanya hivyo dukani.

Iwapo sauti ya nyumbani haikuridhishi, yapo mambo ya kukagua kabla ya kufungua pochi. La kwanza ni chanya na hasi. Spika moja ikifungwa kinyume cha nyenzake, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hufutika katikati ya chumba. Weka rekodi ya litungu, ala ile kubwa ya nyuzi ya Wakurya yenye mngurumo mzito, kisha geuza nyaya za spika moja tu, amplifaya ikiwa imezimwa. Mfungo wenye mngurumo uliojaa zaidi ndio sahihi. Marekebisho haya hayagharimu kitu, na katika nyumba nyingi huzidi waya wowote unaouzwa.

Kisha angalia chanzo. Nyimbo zilizobanwa mno ili zienee mia kadhaa katika flashi moja zimekwisha kupoteza sehemu ya sauti, na hakuna waya unaoweza kuirudisha. Waya wa AUX unaokoroma unapoguswa umekatika ndani. Huo unastahili kubadilishwa, na wa bei ya kawaida unatosha. Chumba chenyewe nacho kina neno. Sebule ya sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mkeka, pazia nene na makochi huutuliza. Spika iliyosogezwa kwenye kona huongeza besi, wakati mwingine kupita kiasi. Isogeze hatua moja, usikilize tena.

Ukiamua kununua waya, taka uandikiwe kwenye risiti ya EFD mambo matatu: unene kwa milimita za mraba, aina ya madini, na urefu kwa mita. Muuzaji akisita kuandika neno "shaba", umepata jibu lako. Ukinunua upande wa Isebania, kumbuka kwamba muuzaji yuko chini ya sheria za Kenya, na lalamiko lako litapaswa kufuatiliwa huko.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, muundo au manufaa ya bidhaa. Waya wa alumini uliouzwa kwa jina la shaba unaangukia hapo moja kwa moja. Anza kwa kumrudia muuzaji, ukiwa na risiti na kipande ulichokikwangua. Asipokusikiliza, andika lalamiko kwa Tume ya Ushindani. Suala likiwa la ubora au usalama wa waya, lifikishe kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Likiwa la mita zilizopungua, nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo mkoani. Usiutupe waya wala boksi lake hadi lalamiko litakapoamuliwa.