Mwenye Kukoroma Hajisikii

Ukipita Tukuyu asubuhi, salamu ya Wanyakyusa ni swali la kitabibu. "Ugonile," wanakuuliza, yaani umelala? Mtu wa kuheshimiwa huambiwa "mugonile". Jibu hutolewa kwa adabu, hata kama anayeulizwa amekesha akihesabu mabati. Swali hilohilo nimewauliza wagonjwa wangu kwa Kiswahili kwa miaka mingi, nami nimejifunza kutolitegemea jibu. Hawadanganyi. Ila aliyelala ni shahidi mbovu wa usingizi wake mwenyewe. Habari zake za usiku zinajulikana na aliyekuwa macho pembeni yake, na zinaonekana kwake yeye mchana.

Chukua mgonjwa huyu, ambaye nimemjenga kutokana na wengi. Ni dereva wa lori, safari zake ni Dar es Salaam hadi Tunduma, mnene kiasi, na amekuja kwa sababu presha haishuki pamoja na dawa mbili. Namuuliza habari za usingizi. "Daktari, hapo sina shida. Nikigusa mto tu, nimekwenda." Mkewe anaangalia sakafu, kisha anaomba radhi kwanza. "Samahani baba, acha nimwambie daktari. Huyu anakoroma mpaka watoto wanahama chumba. Halafu ananyamaza kabisa. Nahesabu, naweza kufika kumi na tano, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

Mama huyo ameshatoa nusu ya utambuzi wa ugonjwa. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu njia ya hewa hujifunga kabisa, kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti, oksijeni katika damu inashuka, na ubongo unalazimika kumwamsha mwenyewe nusu-nusu ili avute pumzi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, sisi tunaihesabu. Mara 5 kwa saa pamoja na usingizi wa mchana, huo ni ugonjwa. Mara 30 kwa saa ni ugonjwa mkali, na wapo wanaofika huko bila kukumbuka kuamka hata mara moja. Kila mshtuko hupandisha presha, na ndiyo maana dawa mbili zilikuwa zinashindwa. Na kule kulala mara tu anapogusa mto, alikokuwa akijisifia, ni dalili ya deni.

Wanaume wenye shingo nene, tuseme wanaovaa kola ya inchi 17 kwenda juu, wako hatarini zaidi, lakini wanawake waliokoma hedhi nao wamo. Pombe huongeza kulegea kwa koo. Msimu wa ulanzi pale Iringa, hata asiyekoroma hukoroma. Watoto pia huugua, mara nyingi kwa sababu ya mafindofindo makubwa. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anakojoa kitandani baada ya kuacha zamani, na darasani hatulii, apelekwe kwa daktari kabla hajachapwa.

Narudi kwa dereva, kwa sababu ndiye anayeninyima usingizi mimi. Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, dereva akisinzia kwa sekunde 4 tu, limekwenda karibu mita 90 bila mtu. Sasa fikiria sekunde hizo kwenye kona za Kitonga, au kwenye mteremko wa kuingia Mbalizi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria nao wamo katika hesabu hii. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kunywa kinywaji cha kuchangamsha havilipi deni la usingizi. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 20, na kinachotibu ni kupimwa. Utingo, wewe ndiye mke wa barabarani: ukiona bosi wako anavuka mstari, au amesahau kilomita alizopita, mwambie mapema. Kuna methali inayotuonya tusimwamshe aliyelala, kwamba tukimwamsha tutalala sisi. Waliotunga hawakuwa wamekaa kiti cha mbele.

Kuna jambo la kwetu nyanda za juu ambalo vitabu vya usingizi vya mahali pengine hulipita haraka. Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa. Mkaa unaowaka kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kuikimbia, inamzidishia usingizi. Mgonjwa wa koo lililojifunga huamka na kichwa kinauma, na mwenye jiko chumbani huamka na kichwa kinauma. Nawatofautisha kwa swali moja: wengine nyumbani wameamkaje? Kama nyumba nzima inaumwa kichwa na ina kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, shida ni jiko. Wote watoke mara moja na waende hospitali siku hiyohiyo. Aliyezimia abebwe nje kwanza, maswali baadaye. Na jiko lizimwe na kutolewa kabla ya kulala, hata kama mkaa umebaki jivu tu kwa juu.

Kukosa usingizi ni shauri jingine. Kila mtu hukesha usiku wa kuamkia mtihani, msiba au deni la benki, na huko si kuugua. Naanza kuuita ugonjwa unapotokea angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana unaharibika: hasira, kusahau, kazi kulala. Anayeamka saa tisa usiku kila siku na kubaki macho mpaka jogoo, huku hamu ya chakula na ya watu imekwisha, namuuliza habari za sonona kabla ya habari za godoro. Akiniambia amewaza kujiua, hatusubiri miezi mitatu, anahudumiwa leo.

Wengi hufika kwangu wakiwa wameshapita duka la dawa. Diazepam bila cheti cha daktari huleta usingizi kwa wiki chache, kisha huleta utegemezi, na kwa yule anayekata pumzi inaweza kuzidisha hatari. Vidonge vya mafua vinavyosinzisha humwangusha mzee anapoamka kwenda chooni. Tiba iliyo bora haipo kwenye chupa. Amka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Toka kitandani ukishindwa kulala. Usilale mchana kutwa kufidia. Na kwa ndugu zangu wa Mbozi, Rungwe na Mufindi, wanaotulimia kahawa na chai: baada ya muda wa saa tano hivi, nusu ya kafeini bado iko mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku hakijaondoka saa saba.

Mengine kwa kifupi. Anayetumia ARV akaanza kukesha asiache dawa. Amwambie mhudumu wa kliniki, maana dolutegravir huwasumbua baadhi ya watu na kuihamishia asubuhi mara nyingi kunatosha. Kukojoa mara nyingi usiku, pima sukari. Kushindwa kulala bila kuinuliwa na mito mitatu kwa sababu pumzi inabana, nenda haraka, huenda ni moyo. Miguu inayowasha kwa ndani na kudai kutembezwa usiku, hasa kwa mjamzito, pima damu na madini ya chuma. Na jinamizi, lile la kuamka huwezi kuinua hata kidole, ni ubongo uliotangulia kuamka kabla ya mwili. Linatisha, lakini lenyewe halidhuru.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wapime presha, uzito, sukari na koo. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa pale Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa wiki mbili kabla ya kwenda, andika saa ya kulala, saa ya kuamka na saa uliyosinzia mchana.

Na wewe unayelala pembeni yake, mrekodi kwa simu leo usiku, dakika mbili zinatosha. Usimchekeshe nazo shemeji yako. Tuletee sisi, na mwenyewe uje naye.