Gemu ya Mieleka Iliyokosa Mtangazaji

Jina la gemu hii lilitoka kinywani mwa mtangazaji. Ni Tazz, mwanamieleka aliyehamia kwenye maikrofoni ya kipindi cha SmackDown, aliyekuwa akipaza "Here comes the pain", maumivu hayo yanakuja, Brock Lesnar alipokuwa akielekea ulingoni. Mwaka 2003 Lesnar akawekwa kwenye jalada na maneno yale yakawa jina: WWE SmackDown! Here Comes the Pain. Sasa weka diski, anzisha pambano, utege sikio. Ndani hamna mtangazaji hata mmoja.

Iliundwa na kampuni ya Japani iitwayo Yuke's na kusambazwa na THQ, kwa ajili ya PlayStation 2 peke yake. Sisi tuliijulia kwenye vibanda vya gemu vya Mwanza, Kirumba na Mabatini, mbele ya televisheni za kichogo, benchi moja, pedi mbili, na diski ya kuchoma iliyofutwa kwa pindo la fulana kila ilipogoma kusoma.

Ubora wake mkubwa uko kwenye mwili. Gemu nyingi za kupigana za enzi zile zilikupa mstari mmoja wa uhai; ukiisha, kwisha habari yako. Hii ilichora pembeni mwa kioo kijimtu chenye kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, na kila sehemu ikahesabiwa maumivu yake. Ukiuandama mguu wa mwenzako, rangi yake inakolea pigo kwa pigo hadi kuwa nyekundu, na hapo kuukunja tu kunaweza kumfanya asalimu amri. Kwa hiyo mchezaji alipaswa kuamua mapema anataka kubomoa wapi. Mikamato nayo iligawanywa: ya nguvu, ya wepesi, ya kukaba, na ile inayomtambulisha mwanamieleka mwenyewe. Kujikwamua kulitaka vitufe viwili tofauti, kimoja cha kuzuia pigo na kingine cha kuzuia mkamato. Ukikisia vibaya, unaliwa.

Uzito pia ulikuwa na maana. Aliyemchagua Rey Mysterio hakuweza kumnyanyua Big Show kama gunia la dagaa, hata angebonyeza mpaka vidole viote sugu. Ilibidi amzunguke, apande kamba, amchoshe. Baadhi ya gemu zilizokuja miaka mingi baadaye, zenye picha nzuri mara kumi, hazikunipa raha ya kufikiri namna hiyo.

Tatizo ni kwamba mieleka ya kulipwa si mwili peke yake. Mshindi wake hupangwa nyuma ya pazia. Jasho lote lile ni la kumvuta mtazamaji. Msukuma hahitaji kufundishwa jambo hili. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyekusanya watu wengi. Ndiyo maana wengine huja na nyoka. Uwe fundi wa kucheza namna gani, watu wakikimbilia upande wa pili umeshindwa. Mtangazaji wa mieleka anafanya kazi ya yule nyoka: anakushika usiondoke, anakueleza kwa nini mguu huu unauma na nani ana kisasi na nani. Gemu iliyotangulia, ya 2002, ilikuwa na watangazaji, na iliyofuata, ya 2004, ikawarudisha. Hii ya katikati, iliyo bora kuliko zote mbili kwa kucheza, ikaachwa na muziki na kelele za rekodi.

Lakini Kirumba sikuwahi kuusikia ukimya huo. Aliyesubiri zamu ndiye alitangaza. Mmoja wao, ambaye mchana alipara samaki soko la Mwaloni, alikuwa amekulia kwenye mabanda ya video, kwenye filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Derek Mukandala, yule Lufufu, na alijua hasa lini anyamaze na lini alipuke. Aliwahi kututangazia kwamba mguu wa Kurt Angle leo haupandi tena kivuko cha Kamanga. Tulicheka mpaka pedi ikaanguka.

Kibanda kilificha na kasoro nyingine. Hadithi ya msimu, ambayo ni ya kucheza kwa muda mrefu na ukiirudia unaanza kuyaona matukio yaleyale, hatukuigusa. Sarafu ya mia haikununua msimu. Kwa upande mwingine, kibanda kiliharibu kitu kizuri. Kukaba kulitaka wote wawili wabonyeze vitufe kwa fujo, na pedi zikafa. Mwenye kibanda akapiga marufuku: anayekaba, anunue pedi. Kwa amri hiyo nusu ya maarifa ya kijimtu yakaenda na maji.

Kuna kasoro ambayo hakuna kibanda cha kuifunika. Gemu ina mabingwa kama Trish Stratus na Lita, kisha inawawekea pambano ambalo ushindi wake ni kumvua mwenzako nguo. Mwaka 2003 tulicheka. Leo binti yangu akiingia chumbani, naibadilisha haraka.

Juzi usiku niliicheza peke yangu kwenye kompyuta, kwa programu inayoigiza ile mashine. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona. Nilimwandama Lesnar mguu mpaka kijimtu kikawa chekundu, na makelele ya rekodi yakaendelea vilevile, kama mvua juu ya bati. Nikasikia mtu anatangaza. Nilikuwa mimi, kwa sauti ya chini, nisimwamshe mama watoto.