Fahamu: Kwa nini kitufe cha ‘Kubali’ hung’ara kuliko cha ‘Kataa’

Tovuti nyingi siku hizi hukuuliza kuhusu vidakuzi kabla hujasoma lolote. ‘Kubali vyote’ kimekolezwa buluu au kijani. ‘Kataa’ ni maandishi ya kijivu yaliyofifia. Hakuna uongo ulioandikwa hapo. Jicho limeshaelekezwa tu, na kidole hufuata.

Kampuni hupima mambo haya kwa makini ya kushangaza. Mwaka 2009, mbunifu Douglas Bowman aliondoka Google akilalamika kwamba timu moja, iliposhindwa kuchagua kati ya buluu mbili, ilikuwa ikijaribu buluu 41 zilizo katikati yake. Kichekesho? Mwaka 2014, Dan Cobley, mkuu wa Google Uingereza wakati huo, alisema buluu iliyoshinda kwenye viungo vya matangazo iliiingizia kampuni dola milioni 200 zaidi kwa mwaka.

Hata hivyo, usiziamini sana orodha zinazodai kuwa nyekundu huuza na buluu hujenga imani. Mara nyingi kinachofanya kazi ni rangi kutofautiana na jirani zake: kitufe chekundu kwenye ukurasa mwekundu hakimvuti mtu. Tena wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, mwanzilishi wa Facebook Mark Zuckerberg akiwemo. Ndiyo maana Facebook ni ya buluu.

Ulaya, sheria imeshaingilia kati. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, kinakataza majukwaa ya mtandaoni kusanifu kurasa kwa namna ya kuwahadaa watumiaji. Utangulizi wa sheria hiyo unataja hila hii hasa: kulipatia chaguo moja mwonekano unaolifunika jingine.