Mafaili kwenye Kompyuta Mbili: Pesa Iende Wapi?

Mpiga picha za harusi mwenye kompyuta ya mezani studio na laptopu nyumbani hashangai akikuta msimu mmoja umemjazia GB 200. Kuzipandisha mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku nne usiku na mchana, na hapo bando halijakatika. Kisha kuna malipo ya kila mwezi. Huko Marekani Google huuza nafasi ya TB 2 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Miaka mitano ni karibu dola 600. Mzigo huohuo ukipita kwenye Wi-Fi ya ndani inayobeba MB 20 kwa sekunde humalizika kwa muda usiofika saa tatu, bila kula hata MB moja ya bando.

Kwa kazi hiyo, Syncthing ni bure na ndiyo ningeanza nayo. Unaiweka kwenye kompyuta zote mbili, unanakili utambulisho wa moja, wenye herufi na tarakimu 56, unaubandika kwenye nyingine, unakubali, basi. Folda uliyoichagua inakuwa sawa pande zote. Sharti lake ni kwamba mashine zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, na ziwe kwenye Wi-Fi moja ukitaka bando lisiguswe. Ukihariri orodha ya bei studio, na jioni ukaihariri tena nyumbani kabla hazijakutana, utakuta faili la pili lenye maneno “sync-conflict” kwenye jina lake. Hakuna kilichopotea, ila kulinganisha mistari ni kazi yako.

Asiyependa mambo kujiendea yenyewe atumie FreeFileSync, nayo bure. Inakuonyesha safu mbili, kipi kitakwenda wapi na kipi kitafutwa, halafu inasubiri ubonyeze. Inamfaa anayehamisha kazi kwa eksteno. Windows ina robocopy ndani yake tayari, lakini amri yake ya /MIR hufuta kule unakopeleka kila kisichokuwepo kule kunakotoka. Ukikosea kupanga njia hizo mbili, umekwisha.

Ila kusawazisha si kuhifadhi. Ukifuta folda ya harusi ya jana kwenye laptopu, Syncthing itaifuta studio pia, kwa utiifu kabisa. Ina sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, lakini lazima uiwashe mwenyewe. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia navyo hupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo pesa iende kwenye eksteno inayochomolewa kazi ikiisha.

Wauzaji watakusukumia NAS, boksi la diski linalokaa kwenye ruta saa zote. Ni zuri kwa ofisi ya watu sita. Kwa mtu mmoja, boksi tupu la diski mbili kwa kawaida linapita bei ya eksteno mbili, halafu bado ununue diski, na UPS kwa ajili ya umeme wetu huu. Likila wati 20 mfululizo, ni yuniti 14 na ushei kwa mwezi. Kwa nyumba ya Tanzania yenye mita ya LUKU inayojibana isipite yuniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, hiyo ni karibu moja ya tano. Na mwizi akilibeba, amebeba nakala zote mbili.

Kuna pia flashi za “TB 2” zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi ndani ni GB 32 au 64, zimepangwa kuidanganya kompyuta. Unakopi, majina ya mafaili yanaonekana yote, ila yaliyovuka ukubwa halisi hayafunguki, au yamefuta yaliyotangulia. H2testw ni programu ya bure inayojaza kifaa chote kisha kukisoma upya. Itachukua saa nyingi, lakini ipitishe kabla ya kuweka kazi ya mteja, na risiti usiitupe.

Kati ya eksteno moja ya TB 4 na mbili za TB 2, chukua mbili hata zikizidi bei kidogo: moja ilale studio, nyingine nyumbani, uzibadilishane kila wiki. Zote zifomati kwa exFAT, inayosomeka kwenye Windows na Mac. FAT32 hukataa faili linalozidi GB 4, na video ya ukumbini huvuka hapo kabla keki haijakatwa.