Kuezeka Upya Paa la Makuti

Safari iliyopita tulizungumza habari za kuta za udongo. Leo tutazame juu, kwenye paa, maana ukuta wa udongo ukivujiwa hauna maisha.

Ingia nyumbani mchana, funga mlango, ulale chali. Ukiona nuru inapenya kama nyota, makuti yamechakaa. Usingoje mvua ikuonyeshe. Ezua wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kabla masika hayajaingia. Mvua ikikaribia, fundi humpati; kila mtu anamtaka.

Kabla ya kuezua, gonga paa kwa fimbo ndefu. Nge na nyoka hujificha ndani ya makuti makuukuu, basi watoto wakae mbali.

Sasa makombamoyo na fito zi wazi. Hapa wengi hukosea: hufunga makuti mapya juu ya miti mibovu. Choma kila mti kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, au ukitoka unga, mti umeliwa na mchwa au bungu, utoe. Mti huo waweza kumwangusha fundi. Tena paa hubonyea pale, maji hutuama, na makuti huanza kuoza mahali pale pale.

Kuezeka huanza chini, kwenye mchirizi, kupanda hata mwambani. Kwa nini? Kuti la juu lapasa kulalia lile la chini, ili maji yateremke juu ya migongo ya makuti mpaka nje. Ukianza juu, kila kuti litaingiza maji ndani.

Mstari na mstari usiachane zaidi ya upana wa kiganja, yaani sentimita 10 hivi. Fundi mwenye haraka huachanisha, na ukiwa chini huoni kitu. Panda ngazi, upime mwenyewe kabla hujamlipa.

Basi hesabu ya leo. Paa lina pande mbili. Kila upande una mita 4 kutoka mchirizi hata mwambani, na urefu wake ni mita 6. Mita 4 ni sentimita 400. Zigawe kwa 10, utapata mistari 40. Kuti moja likiwa na urefu wa mita 1, kila mstari wataka makuti 6. Mara 40 ni 240. Pande mbili ni 480. Ongeza ya kufunika mwamba, na ya kupishanisha ncha.

Andikeni daftarini: kuezua, fito, mchirizi, mwamba. Kisha kila mtu akapime paa lake, alete hesabu yake darasani.