Kidonda kisichopona kichunguzwe mapema

UKIJIKATA kwa kisu jikoni, damu huganda na baada ya siku chache ngozi hujifunga. Je, ngozi huamriwa na nani?

Jibu moja lilipatikana katika tezi za mate za panya. Mtaalamu wa Marekani, Stanley Cohen, aligundua kuwa panya wachanga waliodungwa dawa iliyotolewa kwenye tezi hizo walifungua macho na kuota meno mapema kuliko wenzao. Mnamo 1962 alieleza protini iliyosababisha hayo, ambayo ni kichocheo cha ukuaji wa ngozi. Alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Vichocheo vya aina hii ni vingi, na baadhi hutolewa na chembe zinazogandisha damu. Vikifika ukingoni mwa kidonda, seli za ngozi hulegeza vifungo vinavyozishikanisha, hubadilika umbo na kutambaa chini ya ganda la kidonda, huku zikitoa vimeng'enya vya kuyeyusha kinachozizuia. Zikikutana katikati, husimama na kushikana upya.

Kusimama huko ndiko kunakokosekana katika saratani. Seli yake hutumia vichocheo hivyo hivyo kulegeza vifungo na kuyeyusha kuta, lakini haisimami. Huvamia nyama iliyo jirani. Ndiyo sababu dawa kama cetuximab huziba mlango unaopokea amri za kichocheo cha Cohen. Wengi wanaoitumia hutokwa na vipele usoni na kifuani, kwani ngozi nayo inakihitaji.

Ipo pia dawa ya kupaka yenye kichocheo, becaplermin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Mwaka wa 2008 iliwekewa onyo kali kuhusu saratani. Onyo hilo likaondolewa 2018. Hata hivyo, haipakwi mahali penye saratani.

Msomaji mwenye donda la miaka, hasa kovu la moto linalofunguka kila mara, ajue kwamba linaweza kugeuka saratani. Kingo zikiinuka na kuwa ngumu, likinuka kuliko awali au likitoa damu ovyo, asiendelee kulipaka dawa za dukani. Amwombe daktari akate kipande kidogo kikapimwe.